Kofia ya Masikio ya Riziki

Riziki,

Kuna sauti moja haijanitoka masikioni kwa miaka miwili sasa. Si ya ngoma, wala si ya kilio chako. Ni sauti ya uzi unaokatika, tk, tk, tk, mshono mmoja baada ya mwingine. Siku ile ngoma sita zilikuwa zinapigwa uwanjani, shule nzima ilikuwa inaimba, na mimi nilisimama mbele yao na filimbi mdomoni. Kwa kelele zile mtu asingeweza kusikia uzi. Mimi niliusikia, kwa sababu niliushona mwenyewe na nilikuwa nausubiri.

Kesho asubuhi utapanda treni pamoja na Babu yako, aliyekuja kukuchukua, kwenda kwake upande wa Kibombo. Sanduku umelipanga mwenyewe kwa utaratibu wako, kwa hiyo sitakuandikia habari za sabuni na viatu. Ninakuandikia kwa sababu unasoma upesi kuliko unavyosema, na maneno ya karatasini hayakupigii kelele. Una miaka kumi na mmoja. Nataka ukisikie kutoka kwangu kile nilichokufanyia, kabla hujawa mkubwa na kuanza kukikumbuka peke yako, ukijiuliza kama kweli kilitokea. Kilitokea.

Nilikuzaa nikiwa na miaka ishirini, mwaka mmoja baada ya kupata diploma yangu. Nilikuwa msichana wa vitabu, na niliamini kuwa kila kitu chenye jina kinaweza kueleweka. Wewe ulinishinda tangu miezi ya kwanza. Mwanamke akitwanga sombe, majani ya muhogo, ua wa tatu, ulikuwa unakunja mwili wote kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Honi ya treni ilikuangusha chini. Lakini mtu akikuita jina, hukugeuka. Majirani walikuja kuangalia.

"Mama Riziki, huyu mutoto iko kiziwi?"

"Hapana. Anasikia kupita sisi wote."

Walicheka. "Basi mbona haitikake? Anajifanyaka bibi mukubwa!"

Baba yako, karani wa reli, alihamishiwa Lubumbashi ulipokuwa na miaka minne. Alisema akipata nyumba atatuita. Sina la kuongeza hapo.

Mwaka huohuo nilikupeleka kwa daktari mmoja mgeni aliyepita hapa Kindu. Alikuangalia ukipanga vifuniko vya chupa sakafuni, akaniandikia neno moja la Kifaransa kwenye karatasi, akaniazima kitabu. Nilikisoma kwa siku mbili bila kulala vizuri. Kitabu kilisema watoto wa namna yako huwa hivyo kwa sababu mama zao ni baridi, hawakuwapenda inavyotakiwa. Mtu mwingine angekitupa. Mimi niliyesoma nilikiamini. Niliamini karatasi kuliko nilivyokuamini wewe.

Basi nikaanza kukupasha joto. Kila jioni nilikukumbatia kwa nguvu, nikaweka mdomo wangu sikioni mwako na kukuimbia. Ulijinyonganyonga, ukapiga mateke, ukalia. Nikasema ndani yangu: ubaridi wangu huo unatoka, kaza. Nilikaza kwa miezi. Ulikuwa unaniambia kwa mwili mzima kwamba sauti yangu inakuumiza, nami nilikuwa natafuta kosa moyoni mwangu, mahali ambapo halikuwepo. Nimejifunza hapo kwamba mtu anaweza kujilaumu sana na bado asimsikilize aliyemkosea. Hata majuto yangu yalikuwa yananihusu mimi tu.

Ulipofika umri wa shule nilikuingiza katika shule ninayofundisha, ili niwe karibu. Kusoma hakukukupa taabu. Taabu ilikuwa uwanja. Unajua kila asubuhi tunaimba kabla ya masomo, na siku za Chama tunaimba mpaka jua lipite kichwani, kwa ngoma, kwa makofi, kwa kucheza. Kwa walimu wote ni lazima. Lakini nisijifiche nyuma ya neno lazima. Mimi niliongoza kikundi kile kwa sababu nilikipenda. Nilikuwa na sauti, nilikuwa na filimbi shingoni, wanafunzi wote walikuwa wakigeuka kulia nikinyoosha mkono wa kulia. Nyumbani mtoto mmoja alikuwa hanigeukii. Uwanjani walinigeukia wote. Elewa hapo, kama unaweza, jinsi mtu anavyouza kitu bila kujua anakiuza.

Wewe ulisimama mstari wa nyuma ukiziba masikio kwa viganja viwili. Kwa miaka kadhaa hakuna aliyejali. Kisha ikatangazwa kwamba atakuja mgeni mkubwa wa Chama, na mkuu wa shule akaniita. Ni yuleyule Direkta unayemjua, mwenye kalamu tatu mfukoni, anayetuita walimu wanawake citoyenne, yaani raia, kama Chama kinavyotaka.

"Citoyenne, ule mutoto wako anazibaka masikio wakati tunamuimbia Kiongozi. Mugeni akiona, atasema nini? Atasema hii nyumba ya mwalimu haitake kusikia maneno ya Chama."

"Direkta, ngoma zinamuumiza."

"Zinamuumiza? Ngoma za babu zetu? Weye umesoma, citoyenne. Weye unajua nitaandika nini kama wananiuliza."

Ningeweza kukuacha nyumbani siku ile. Nilimwambia mama jirani kwamba hairuhusiwi mtoto wa mwalimu kukosekana. Si kweli. Nisingeulizwa sana. Nilitaka tu mgeni aone mwalimu mwenye sauti nzuri na mtoto mzuri.

Nilikushonea gauni la kitenge cha Chama, lenye picha ya Kiongozi kifuani, mikono mirefu. Na ncha za mikono ile nilizishona kwenye ubavu wa gauni, juu kidogo ya nyonga, kwa uzi wa mara mbili. Ukivaa, viganja vyako vinakaa chini kama vya askari. Uliuangalia mshono kwa muda. Ukasema, "Mikono."

Nikakujibu, "Ndiyo, mikono. Ni mtindo mpya. Wimbo mmoja tu, Riziki."

Nilijua nyimbo zilikuwa saba.

Nilikuweka mstari wa mbele, kwa sababu sasa ulikuwa unapendeza. Ngoma zikaanza. Uliinua bega la kulia ukajaribu kuziba sikio kwa bega. Ukainua la kushoto. Ukawa unayumba, bega hili, bega lile. Mate yakakutoka. Wimbo wa tatu nikasikia uzi. Mkono wa kulia ukachomoka pamoja na kipande cha kitenge, ukaziba sikio moja. Moja tu. Wa kushoto niliushona vizuri zaidi, haukutoka. Ukainamia upande ule ukizunguka, ukizunguka, mdomo wazi, na sauti yako haikusikika kwa sababu nyimbo zangu zilikuwa juu yake.

Mimi niliendelea kupiga filimbi. Ndilo hilo nililotaka nikuandikie. Mengine yote yana sababu, hili halina. Nilikuona na nikaendelea mpaka wimbo wa saba.

Mgeni alipiga makofi. Alikunyooshea kidole akamwambia Direkta, "Kale katoto kanajua kucheza!" Watu wakacheka kwa furaha. Baadaye Direkta aliniletea soda mbele ya walimu wenzangu, nami nikainywa yote.

Hukusema neno hata moja mpaka mvua zilipoanza. Siku moja Babu yako alikuja kutoka shambani kutuletea mchele. Alikuta gauni limetundikwa, akaona ule mshono, akauliza, nikamwambia. Unamjua Babu, alifanya kazi miaka mingi katika nyumba ya mashine za umeme ya reli, hapa Kindu, na husema kwa sauti ya juu kwa kuwa sikio lake moja limekufa. Siku ile alisema polepole, akiniita Mama kama anavyoniita tangu utoto wangu.

"Mama, miye masikio yangu iliharibiwa na mashine. Mashine haina akili. Weye uko na akili."

Ndipo nilipoanza kukutafutia kitu cha kuziba masikio, kwa haraka ya mtu mwenye hatia, na haraka ile nayo ilinipotosha. Kwanza ilikuwa pamba yenye vazelini. Uliitoa, ukaipanga mezani, ukaosha masikio. Kisha nikampata mzee mmoja aliyekuwa mpiga simu za upepo stesheni. Nikamshonea mashati mawili, akanipa vile vyombo vyake vya kusikilizia, vyeusi, vyepesi, waya umekatwa. Nilifurahi mno. Unajua kwa nini? Kwa sababu vilienea chini ya kitambaa cha kichwa. Hakuna mtu ambaye angeviona.

Ulivivaa kwa utii. Na kila ngoma ilipolia, viganja vyako vilipanda vikaviziba vile vyombo kwa juu. Nami nikakukasirikia! Nikakwambia, "Si nimeshakupa?" Ilinichukua wiki kuona kwamba vile vimeundwa kuleta sauti sikioni, si kuizuia.

Baadaye mchuuzi mmoja aliniletea kinga nyingine za masikio kutoka Kampene, za wachimbaji wa mgodini: mpya, nyekundu, zina chuma kinachobana. Hizo zilizuia kila kitu. Nilijipongeza tena. Ulikuwa unatembea nazo umekaza taya, na jioni nilikuta mistari miwili imezama kwenye mashavu yako. Halafu ile siku njiani kuelekea soko la mtaa wa Kasuku: lori lilikuwa linarudi nyuma, dereva anapiga honi, mimi ninaita, na wewe unatembea tu, umetulia, ndani ya kimya nilichokupa. Nilikuvuta kwa nguo. Dereva alinitukana, "We mama, mutoto hana masikio?"

Babu yako aliposikia, safari iliyofuata alileta ya kwake. Ile aliyopewa na reli miaka yake ya mwisho ya kazi, sikio lake likiwa limeshakufa: kubwa, ya kijivu, kama mabakuli mawili yaliyounganishwa kwa upinde, imepasuka kidogo upande mmoja, inanuka mafuta ya mashine. Wafanyakazi waliita kofia ya masikio. Nikasema hapana. Nikasema ni nzito, ni chafu, ni ya wanaume. Mwisho nikasema neno lenyewe: "Baba, watu wataona."

Aliniangalia. "Weye mama, unamuchagulia mutoto masikio, ao unawachagulia majirani macho?"

Kesho yake tulikwenda wote watatu kwenye mashine ya kusaga unga, sokoni. Nilikuwa na zote tatu kwenye kikapu. Babu akasema tusikuvishe. Tuziweke juu ya gunia na tukae mbali. Wazo hilo halikuwahi kunijia. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimekuchagulia bila kukuuliza, kwa kuwa husemi, kana kwamba asiyesema hana anachotaka.

Mashine ilinguruma. Ulichukua nyeusi, ukaivaa, viganja vikapanda. Ukaiweka chini. Ukachukua nyekundu, ukaivaa, viganja vikabaki chini lakini uso ukajifunga kama mlango. Ukaiweka. Ukachukua ya Babu, ukainusa. Uliinusa kwa muda mrefu, ndani ya bakuli moja, kisha la pili. Ukaivaa. Ukaketi juu ya gunia karibu kabisa na mashine, mahali ambapo hujawahi kufika, ukaanza kuhesabu magunia kwa kidole. Halafu ukasema yale maneno ya msimamizi wa stesheni unayoyapenda, kwa sauti yake ileile ya puani:

"Simameni nyuma! Treni iko inaingia!"

Mwenye mashine akashtuka, akageuka kweli kuangalia. Babu alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilisogea nyuma yako nikaita jina lako kwa sauti ya kawaida. Uligeuka. Nilijua basi: kelele imekaa mbali, mtu amebaki karibu. Ndivyo inavyotakiwa iwe. Kama siku moja utamchagulia mtoto mwingine mwenye masikio kama yako, usianze na uzuri wala upya. Mpeleke kwenye kelele yenyewe, muache achague, kisha muite kwa nyuma. Na umwangalie taya.

Na hapo nilikosea tena. Sitaki udhani nilipona. Kwa furaha nilikuacha uivae asubuhi mpaka usiku. Baada ya miezi miwili jogoo alikuliza. Kijiko kikianguka ulijificha chini ya meza. Masikio yako yalikuwa yamezoea kimya, kila kitu kikawa ngoma. Tulirudi polepole: unavua wakati wa kula, wakati wa kusoma, wakati wa mvua ndogo. Ulinichukia siku zile na ulikuwa na haki. Endelea hivyohivyo kwa Babu. Kule hakuna ngoma. Ni shamba la mpunga na treni moja moja. Watoto wa kule hufukuza ndege kwa kupiga makopo, lakini Babu amefunga kamba kutoka kibandani mpaka mwisho wa shamba, zenye majani makavu ya migomba. Wewe utakuwa unavuta kamba. Alinituma nikuambie: kamba ni kumi na nne, na amezipanga sawa.

Sikutumi kule kwa sababu ni kuzuri. Ninakutuma kwa sababu nimeshindwa. Muhula uliopita Direkta aliniambia, "Avue ile kitu yake ya reli, ao asikuje tena ku masomo." Nilibishana siku moja. Ya pili niliomba. Ya tatu nilimwandikia Babu. Nimekaa darasani kwangu nikifundisha watoto wa watu wengine kuandika, na wewe umekaa nyumbani ukisoma maandishi ya kwenye magunia. Watu wananiambia, "Pole, Mama Riziki, njo vile," yaani ndivyo ilivyo, kama vile ni mvua imenyesha. Si mvua. Ni watu, na mimi nilikuwa mmoja wao, tena mwenye filimbi.

Kuna jambo dogo la juzi. Mito ya ndani ya mabakuli ya kofia yako ilikuwa imekauka na kupasuka, nikataka kuishona upya. Nilitoa lile gauni la kitenge sandukuni. Nilifikiri, kwa akili yangu ya vitabu: mikono iliyomfunga sasa itamlinda masikio. Niliona ni jambo zuri sana. Nilikata, nikajaza sufi, nikashona vizuri, nikakuletea. Uliangalia kile kitambaa mara moja tu, ukairusha kofia mpaka ukutani. Mimi nilitaka maana. Wewe ulitaka mito. Ukaenda ukaleta foronya yako ya zamani, ile ya bluu iliyofuliwa mpaka imekuwa laini, ukaniwekea mapajani. Hiyo ndiyo iliyomo sasa. Sitakuomba msamaha kwa kitenge tena.

Mtu akikuambia "wimbo mmoja tu", muulize ni ngapi. Hata akiwa mimi ninayekuandikia.

Sasa habari ya kesho. Treni itakayokuchukua ndiyo inayomleta mgeni mwingine wa Chama. Atashuka, itageuzwa, itaondoka. Shule yote itakuwa stesheni, na ngoma. Wiki iliyopita Direkta alikuja mpaka mlangoni kwetu, ulikuwa uani.

"Mutoto wako apande kabla watu hawajafika, ao angoje treni ingine. Na ile kitu isionekane ku masikio yake. Weye utakuwa mbele na filimbi, kama kawaida."

"Treni haijafika, Direkta. Atapanda nini?"

"Hiyo njo kazi yako, citoyenne."

Nilisema, "Ndiyo, Direkta." Nilisema hivyo, ulinisikia. Usiku ule nilianza kupanga mahali pa kukuficha: nyuma ya ghala la mizigo, kitambaa kikubwa kichwani, Babu akushike, mimi nipige filimbi yangu nyimbo chache halafu nikimbie kukuaga dirishani. Nilipanga kila kitu. Kisha nikajiona nimekaa na sindano ya mawazo, nashona mikono tena.

Kwa hiyo leo, masomo yalipokwisha, nilikwenda ofisini kwake. Niliweka filimbi mezani, na kitenge cha kiongozi wa waimbaji kimekunjwa.

"Hii nini?"

"Ni vya shule, Direkta. Kesho nitakuwa na mtoto wangu. Atavaa kofia yake."

"Nani atapiga filimbi?"

"Sijui."

Aliifuta filimbi kwenye mkono wa abakosi yake, lile koti la watu wa Chama, kama kitu kilichonywewa na mgonjwa. "Njo hivi unalipa Chama kilichokusomesha?"

"Njo hivi," nikamjibu.

Akasema Jumatatu nitaitwa ofisi ya juu nikajieleze, na nisithubutu kutoka mjini. Kwa sababu hiyo siji na wewe. Nikikimbia watanifuata, na watakuja na kelele mpaka kwenye kamba za Babu. Sijui nitakuja lini. Sitakudanganya kwa tarehe.

Utavaa kofia yako tangu mlangoni kwetu. Tutapita katikati ya jukwaa la stesheni, mbele ya ngoma, si nyuma ya ghala. Ukitaka kunishika, nishike wewe. Mimi sitakushika mkono. Babu atakuwa upande wa sikio lake zima. Na ukiwatazama waimbaji, usinitafute mstari wa mbele. Filimbi imo kwenye droo ya Direkta tangu saa tisa ya leo, na ufunguo anao yeye.

Mama yako